Madebe Mawili Kabla ya Mnunuzi
Mwongozo wa kupika chakula chenye lishe kwa pesa kidogo, Masasi na Newala

Mwezi wa Februari mvua imekolea, mahindi yangali mabichi shambani, na jikoni kwingi Newala vimebaki vitu vitatu: unga wa muhogo, chumvi na majani. Pesa ya korosho iliyoingia Oktoba na Novemba imekwisha kazi yake. Imenunua bati, imelipa deni la dukani, imevisha watoto sare, imegharimia ngoma ya kijana aliyetoka jandoni. Hapo ndipo hutokea mtu wa kangomba. Anabisha hodi na gunia la mahindi, na malipo yake ni korosho ambazo bado hazijatoa hata maua, kwa kipimo chake na kwa bei yake. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo mara nyingi. Tumbo la mtoto halisomi matangazo.

Jambo la kushangaza ni kwamba kaya hiyohiyo, miezi saba nyuma, ilikuwa na chakula kizuri kuliko kinachouzwa katika maduka mengi ya Dar es Salaam. Juni ilivuna ufuta. Kabla yake ilichimba njugu mawe na karanga. Julai na Agosti ilipukuchua mbaazi. Vyote vikapimwa, vikapakiwa, vikaenda. Watu wa uwanda wa Makonde, na wale wa Masasi walio chini yake upande wa magharibi kati ya vilima vya mawe, wanalima vyakula vya kujenga mwili kwa wingi. Kinachowashinda ni kubaki navyo hadi Februari.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia ghalani, ndipo uingie jikoni.

Kwanza: tenga kabla ya kuuza

Sababu ni hii. Muhogo hushibisha, lakini kilo moja ya unga wake ina protini gramu 10 hadi 20 tu. Kilo ya mbaazi kavu ina gramu 210 hivi. Njugu mawe hazipitwi mbali, kama gramu 190. Karanga hufika 250, na nusu ya uzito wake ni mafuta, ndiyo maana mboga iliyoungwa kwa karanga haihitaji mafuta ya chupa. Ufuta nao ni nusu mafuta, na una kitu ambacho mbaazi zimepungukiwa: aina ya protini yenye salfa. Ukinyunyizia ufuta uliopondwa juu ya mbaazi, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Faida hiyo ya salfa itarudi tutakapofika kwenye muhogo mchungu.

Wakulima wa Kusini wanakumbuka mwaka 2017. Agosti mwaka huo India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kuingia nchini kwake, na bei huku ikaporomoka. Waliokuwa wamelima kwa ajili ya kuuza tu walibaki na magunia wakiyatazama kama hasara. Mbaazi zilikuwa zilezile. Soko la Mumbai lilipofunga mlango, sufuria ya Newala ilikuwa bado wazi.

Hesabu ya kutenga si ngumu. Chukua kaya ya watu sita. Nusu kilo ya mbaazi kavu huwatosha kwa mlo mmoja, kila mtu akipata protini gramu 17 hivi, ambayo si haba. Wakila mbaazi mara tatu kwa wiki, ni kilo moja na nusu. Kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Aprili kuna wiki 22. Jumla ni kilo 33, yaani madebe mawili ya lita 20. Ni madebe mawili tu hayo, kutoka mavuno ambayo katika mwaka mzuri hupimwa kwa magunia.

Fanya hivi:

1. Siku ya kupukuchua, kabla mnunuzi hajafika na mzani, pima madebe mawili ya mbaazi uyaweke kando.
2. Ongeza kilo 10 za karanga zilizomenywa (au gunia dogo la zenye maganda, ambazo hukaa vizuri zaidi) na kilo 3 za ufuta.
3. Njugu mawe acha ndani ya maganda yake mpaka siku ya kupika. Fukusi hupata tabu kuliingia ganda gumu.
4. Kausha upya juani kwa siku mbili au tatu, juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo.
5. Pima ukavu kwa chumvi (tazama kisanduku hapa chini).
6. Jaza kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ule unaouzwa kwa wauza pembejeo, au kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza. Jaza mpaka juu, bila nafasi. Fukusi waliobaki ndani hufa kwa kukosa hewa, na hakuna haja ya dawa.
7. Andika kwa chaki juu ya chombo: DESEMBA. Aliyeandika na aliyesoma wote wanakuwa mashahidi.

Hatua ya saba inaonekana ya mzaha, lakini ndiyo inayovunjwa zaidi. Msimu wa jando na unyago unapofika, akiba isiyo na jina huliwa na wageni kwa siku tatu.

> KISANDUKU: JE, ZIMEKAUKA?
> Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia chumvi kavu vijiko viwili vikubwa na konzi moja ya mbaazi. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado kuna unyevu, rudisha juani. Chumvi ikianguka chini yote, hifadhi.

Karanga zina onyo lake. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa. Mahindi ndiyo yaliyoshukiwa zaidi, lakini kuvu hiyohiyo hupenda karanga. Kwa macho sumu yake haionekani kila mara, na kukaanga hakuiondoi. Zimwage karanga kwenye ungo, mchana, uchambue kwa mkono: punje iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa au yenye uchungu mdomoni itupwe. Usiwape kuku. Na usikubali ule utamaduni wa kuuza nzima na kusaga mbovu kwa ajili ya uji wa mtoto. Huko ni kumpa mdogo kuliko wote ile sehemu yenye sumu kuliko zote.

Pili: muhogo, chakula kinachotaka heshima

Muhogo ndio nguzo ya uwanda. Huvumilia udongo wa kichanga, hungoja shambani mpaka uhitajiwe, na makopa yake hukaa miezi. Lakini muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sayanidi, na miaka ya ukame sumu hiyo huongezeka maradufu na zaidi. Bahati mbaya, miaka ya ukame ndiyo watu wana njaa, na mwenye njaa hufupisha njia. Badala ya kuvundika siku tatu au nne, anamenya, anaanika, anasaga.

Matokeo yake yana jina: konzo. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na ulemavu huo haupoi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame uliwaacha zaidi ya watu 1,000 katika hali hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa wa konzo walipatikana pia mkoani Mtwara. Ugonjwa huu huhitaji mambo mawili yakutane: unga wenye sumu, na mlo usio na protini yenye salfa ambayo mwili huitumia kuivunja sumu hiyo. Ndiyo maana anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa, kwa ufuta au kwa mbaazi zilizonyunyiziwa ufuta yuko salama kuliko anayekula unga uleule kwa chumvi na majani.

Njia ya kwanza ya kujikinga ni ile ya mabibi: menya, vundika kwenye maji mpaka ulainike, vunjavunja, anika, twanga. Tatizo juu ya uwanda ni maji. Newala hupandishiwa maji kutoka visima vya Mitema, bondeni Kitangari, na bomba linapokauka ndoo huuzwa kwa bei inayomfanya mtu asite kuloweka muhogo. Kwa wakati kama huo kuna njia ya pili, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra na kufundishwa vijijini katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Hutumia maji kidogo sana na hupunguza sumu iliyobaki kwenye unga hadi theluthi moja au hata moja ya sita.

Namna ya kulowanisha unga:

1. Tia unga wa siku hiyo kwenye beseni. Usawazishe, kisha weka alama ya kina chake kwa nje au kwa ndani.
2. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya kwa mkono. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Unga uwe na unyevu, usiwe uji.
3. Tandaza juu ya mkeka au turubai safi, nje, unene usiozidi sentimita moja.
4. Acha saa mbili kwenye jua kali, au saa tano kivulini. Sumu hutoka kama hewa. Ndiyo maana unga ukirundikwa kwenye beseni njia hii haifanyi kazi.
5. Songa ugali siku hiyohiyo. Unga uliolowa haulali.

Ugali wake hauna tofauti ya kukera. Wengi husema uchungu umepungua. Mama anayesonga saa kumi na mbili jioni atandaze saa tisa, akitoka shamba. Kazi inaongezeka kwa dakika kumi.

Halafu chumvi. Sayanidi ya muhogo, ikikutana na upungufu wa madini joto, huchochea tezi la shingo. Kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Mtwara na Lindi kuna chumvi ghafi inayouzwa kwa kisado, rahisi, nyeupe, na haina madini joto. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa na madini joto, iweke kwenye kopo lenye mfuniko mbali na moto, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Tatu: mbaazi na njugu mawe bila kumaliza kuni

Ukiuliza kwa nini mbaazi hazipikwi mara nyingi, jibu huwa moja: zinakula kuni. Ni kweli. Mbaazi kavu zisizolowekwa huweza kukaa mafigani saa mbili na zaidi, na maji yanaongezwa kila mara. Watu hukimbilia magadi. Magadi hulainisha, lakini huua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Kuna njia bora, na inahitaji kikapu.

Tafuta kikapu kipana au ndoo kubwa iliyopasuka. Tandika ndani yake kitu kinachoshika joto, unene wa kiganja pande zote na chini: maganda ya mpunga kutoka bonde la Ruvuma yaliyotiwa kwenye mfuko, majani makavu ya mgomba, au blanketi kuukuu. Shona mto wa kitu hichohicho wa kufunikia juu. Basi.

1. Usiku loweka nusu kilo ya mbaazi kwenye lita moja na nusu ya maji. Njugu mawe ziloweke siku nzima.
2. Asubuhi mwaga maji hayo, si chini bali kwenye gunia la udongo ulilopandia mchicha au matembele nyuma ya nyumba.
3. Tia maji mapya yafunike mbaazi kwa vidole viwili. Chemsha kwa nguvu dakika 20 hadi 30, sufuria ikiwa na mfuniko. (Kwa maharage mekundu dakika kumi za mwanzo za mchemko mkali haziepukiki, yakiiva kwa joto dogo tu huumiza tumbo.)
4. Ipua, na bila kufunua ingiza sufuria ndani ya kikapu, funika kwa mto. Nenda shamba.
5. Rudi baada ya saa tatu au nne. Njugu mawe huenda zikataka mchemko wa pili.
6. Rudisha motoni zichemke tena, ndipo uunge kwa kitunguu, nyanya, na kikombe cha karanga zilizopondwa badala ya nazi. Nazi inapanda uwanda kwa gari na bei yake inapanda nayo.
7. Ukishapakua, nyunyizia kila sahani kijiko kidogo cha ufuta uliokaangwa kidogo na kupondwa.

Usifunue kikapu kuchungulia. Kila ukifunua, joto jingi linaondoka, na hilo ndilo kosa la watu wote wanaojaribu mara ya kwanza.

Nne: kisamvu kama kinavyostahili

Hapa inafaa kusogea karibu na kinu. Majani yanayofaa ni ya juu, machanga, yanayokunjika bila kukatika. Yaliyokomaa yana nyuzi ambazo hakuna mchi utakaozimaliza. Yatwangwe mabichi, si baada ya kuchemshwa, kwa sababu kutwanga ndiko kunakopasua jani na kulifungulia sumu yake itoke. Harufu ikiwa kali puani mwa mtwangaji, kazi inafanyika. Rangi ikishageuka kijani kizito na punje za majani hazionekani tena, yametosha.

Kwa watu sita: mafungu matatu ya majani, kikombe cha karanga, kitunguu kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, ndimu.

1. Twanga majani pamoja na kitunguu saumu mpaka yawe laini.
2. Kama ni ya muhogo mchungu, yatandaze kwenye ungo saa mbili juani, kisha yasuuze kwa maji mara moja na kukamua.
3. Chemsha sufuria ikiwa wazi, bila mfuniko, mpaka harufu ya ubichi iishe, kama nusu saa au zaidi.
4. Kaanga karanga kavukavu, saga au ponda, koroga kwa maji ya vuguvugu, mimina. Moto mdogo dakika 15.
5. Tia chumvi mwishoni.
6. Kamua ndimu kwenye sahani, si kwenye sufuria.

Ndimu ina kazi. Kisamvu kina madini chuma, lakini mwili huyachukua vizuri yakiandamana na vitamini C, na vitamini C huharibika kwa moto. Mafuta ya karanga nayo yana kazi: bila mafuta, vitamini A ya majani hupita tumboni bila kufyonzwa. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, huzuia madini chuma. Mwenye kupenda chai aisogeze mbali na mlo kwa saa moja, hasa mjamzito.

Kisamvu cha mashine kinachouzwa sokoni Masasi hakina ubaya ikiwa kimesagwa leo. Nunua mapema asubuhi, kipike bila mfuniko vilevile.

Tano: mtoto

Kitaifa, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa hutokea zaidi kati ya miezi sita na miaka miwili, na uji mwepesi wa muhogo una mchango wake. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo sana. Ukilijaza maji yenye rangi ya unga, hakuna nafasi ya chakula.

Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji siyo. Baada ya hapo:

1. Chemsha vikombe vitatu vya maji. Koroga vijiko vikubwa sita vya unga wa ulezi, mtama au mahindi. Unga mmoja unatosha.
2. Ukiiva, tia kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa laini kabisa.
3. Kila linapopatikana yai, lipige, limimine huku ukikoroga, uache lichemke dakika tano.
4. Uji uwe mzito. Ukiinamisha kijiko, usimwagike kama maji.
5. Ongeza embe bivu lililopondwa, au ubuyu uliokorogwa na kuchujwa, uji ukishapoa.
6. Miezi 6 hadi 8, milo miwili au mitatu kwa siku. Miezi 9 hadi 23, mitatu au minne, pamoja na kitu cha kutafuna katikati.

Kuna mtindo umeenea wa kusaga nafaka kumi pamoja na soya, dagaa, karanga na mbegu za maboga na kuuita unga wa lishe. Nia ni njema, matokeo hayatabiriki: soya isiyokaangwa vizuri huumiza tumbo, dagaa na karanga huoza ndani ya unga kwa wiki chache, na mtoto akipata vipele hakuna ajuaye ni kipi kati ya vyote hivyo. Changanya siku ya kupika. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo, humkaba.

Sita: vya porini na vya chini ya mkorosho

Ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini vinavyouzwa vimechemshwa kandokando ya barabara ya Masasi, ni wanga. Vinaokoa siku, havichukui nafasi ya mbaazi. Anayechimba abakishe kichwa cha mmea udongoni na kufukia shimo.

Mabibo yana vitamini C mara kadhaa ya chungwa, na kila Oktoba mengi huozea chini ya mikorosho au huishia kwenye pombe ya uraka. Yakate vipande, yaloweke kwenye maji ya chumvi ili yasikerekete koo, uyale au uyakaushe yawe kochoho. Ganda la korosho lenyewe usilichome jikoni: mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake huumiza macho.

Samaki nchanga, yaani panya wa shamba, hutaniwa sana na watu wa mikoa mingine. Huyu ni nyama kamili, na aliyekulia Newala hahitaji ruhusa ya mtu. Mambo matatu tu: asitoke kwenye shamba lililotegwa sumu, asiwe ameokotwa amekufa, na aive mpaka mfupani.

> KISANDUKU: PESA YA LEO INUNUE NINI?
> Bei hubadilika, hesabu haibadiliki. Chukua bei ya kilo, igawe kwa gramu za protini zilizo ndani yake. Jibu lililo dogo ndilo nafuu. Gramu za protini kwa kilo ni hizi:
> - Dagaa waliokauka vizuri: kama 600
> - Karanga: 250
> - Mbaazi: 210
> - Nyama ya ng'ombe bila mfupa: 200
> - Njugu mawe: 190
> - Yai moja: 6 (hapa gawa bei ya yai moja)
>
> Dagaa wenye mchanga au wasiokauka hawafiki namba hiyo. Onja mmoja kabla ya kupimiwa.

Makosa yanayorudiwa

- Kuuza mbaazi zote Agosti kisha kununua za kilo Januari.
- Kukata majani ya mboga ndipo yaoshwe. Vitamini huenda na maji. Osha kwanza, kata baadaye.
- Kumpakulia baba kitoweo, watoto wakapata mchuzi. Mjamzito na mtoto wa miaka miwili ndio wanaokihitaji zaidi, na pakuo lao lianze.
- Kudhani kwamba lishe ni nyama. Mwongozo wa kitaifa wa chakula wa 2023 una makundi sita, na kunde, karanga na mbegu zina kundi lao peke yao.

Wiki moja ya Februari

Jumatatu: ugali wa muhogo uliolowanishwa, mbaazi za karanga, ndimu.
Jumanne: ugali, kisamvu cha karanga.
Jumatano: kande la mahindi na njugu mawe, mchicha wa gunia.
Alhamisi: ugali, mbaazi, ufuta juu.
Ijumaa: ugali, dagaa wa kuunga kwa nyanya, matembele.
Jumamosi: muhogo mtamu wa kuchemsha, karanga, majani ya maboga, embe likiwa bado lipo.
Jumapili: wali au ugali, mbaazi, na mayai mawili matatu ya banda la nyumbani, watoto wakitangulizwa.

Katika orodha hiyo vya kununua hasa ni dagaa wa Ijumaa, chumvi, na mahindi au mchele kwa asiyevuna. Mbaazi, karanga, njugu mawe na ufuta vilikuwa nyumbani Agosti. Mbaazi hukauka Julai na wanunuzi huanza kuzunguka mara hiyo, kwa hiyo chaki na madebe viwe tayari mwishoni mwa Juni.